Nafasi Mbele ya Macho

Bonaria Piredda alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichaka, kamera ikiwa usawa wa macho ya kondoo mwitu. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mnyama aonekane kama mali ya mtu. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na juu ya kijiji, kwenye miamba ya chokaa ya Sardinia, madume walikuwa wakipigania majike.

Wawili walitembea sambamba, bega kwa bega, wakipimana pembe. Punde wangerudi nyuma na kugongana vichwa. Bonaria alimweka dume kijana upande wa kulia wa picha, akaacha nafasi tupu kushoto. Mnyama huachiwa mahali pa kutazama. Akabonyeza.

Picha ilipotokea, kwenye ile nafasi alisimama Askofu, dume mzee mwenye ncha ya pembe iliyovunjika, ambaye Bonaria alikuwa amempiga picha tangu akiwa mwanakondoo. Hakuwa na kivuli.

Basi Askofu ameuawa.

Kondoo waliouawa walikuwa wakitokea kwenye picha zake siku zote, na kila mmoja humtazama aliyemla. Wengine wote walitazama chini, kijijini. Askofu alitazama lenzi.

Bonaria alifungasha vifaa, akashuka. Mama yake alikuwa akimenya vitunguu.

"Mama, ile nyama ya Jumapili ilitoka wapi?"

"Si kwa Mjomba Bachis? Wawindaji wake walishuka na nguruwe mwitu, wakatuletea fungu letu."

"Ngozi uliiona?"

"Mwanangu, fungu linakuja kwenye karatasi, na kitawi cha mhadasi juu. Nianze kuuliza ngozi? Nyumba ya mjane haikosi fungu hapa. Tangu baba yako afe hatujakosa hata mara moja. Na wewe mwenyewe uliongeza sahani."

Ni kweli, alikuwa ameongeza. Bonaria alitoka bila kuvua buti.

Bachis Cossu, kiongozi wa wawindaji, ndiye pia aliyechagua picha za kalenda ya kijiji. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Safi sana, binti yangu. Hii ni ya Januari. Ila huyu mzee wa kushoto tumkate."

"Huyo umemuua wewe."

"Kulikuwa na ukungu. Nani anahesabu pembe kwenye ukungu?"

"Kondoo mwitu hawawindwi. Tangazo ulibandika wewe mwenyewe."

"Na nililinyoosha vizuri." Bachis alicheka. "Haya, wapelekee askari wa misitu. Waone anamtazama nani. Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu," alisema Bonaria. "Na picha nawapelekea."

Aliipeleka asubuhi iliyofuata. Askari wa misitu, Efisiu, aliivalia miwani.

"Ndiye kabisa," alisema. "Mimi nililetewa paja. Lilikuwa gumu kidogo."

"Andika basi kwamba ulikula."

"Dada, nikiandika hivyo, nani atanisalimia kanisani?" Akamrudishia picha, akiishika pembeni asiichafue.

Kalenda ilitoka kabla ya Krismasi. Bachis alikuwa ameikata nakala ya picha aliyobaki nayo kwa mkasi wake, karibu mno, hivi kwamba pua ya dume kijana iligusa ukingo wa karatasi. Hakuachiwa hata nafasi ya kupumua. Bonaria aliichana kalenda yake vipande viwili, na mama yake akaiunganisha kwa gundi, kwa kuwa ilikuwa na sikukuu zote za watakatifu.

Kalenda zilipotundikwa, Askofu alisimama kwenye ukuta wa kila jiko, kushoto kwa karatasi, pale alipokatwa, akiitazama meza. Watu walihamisha makabati kumpisha. Mke wa Bachis alimtundikia taulo kwenye pembe nzima.

Jumapili moja ya Januari wawindaji walipanda mlimani. Adhuhuri fungu lilifika, na kitawi chake cha mhadasi.

"Nguruwe," alisema Mama, akaitia nyama sufuriani.

Bonaria hakukaa mezani. Alichukua kamera, akaishusha hadi usawa wa sufuria, akaacha nafasi kushoto, akabonyeza.

Alikuwa yule dume kijana. Alikuwa akimtazama Mama, ambaye alikuwa akionja mchuzi.