Sikio la Kulia la Mzee Muhittin

"Utasikia sauti mbili kwa mpigo, moja kila sikio," Gülseren alisema huku akimvisha baba yake hedifoni. "Taja ile uliyoisikia vizuri. Moja tu."

"Si ndivyo ulivyoniambia mwaka jana? Kichwa hakijaota kutu, mwanangu."

Mzee Muhittin alikuwa ametangaza treni stesheni ya Eskişehir kwa miaka thelathini. Hata akiagiza chai, wahudumu walimtania kwa kumuuliza inaondoka saa ngapi. Mwaka uliopita alikuwa msikilizaji bora katika utafiti wa binti yake. Ukimpa "pa" kulia na "ba" kushoto, alijibu "pa" bila kusita. Ndivyo walivyo wengi, kwa kuwa sikio la kulia hupeleka habari zake upande wa kushoto wa ubongo, yaliko makao ya maneno. Gülseren alitaka kujua ni sauti zipi za Kituruki zenye nguvu ya kuupindua mwelekeo huo.

Siku hiyo mzee alitaja za kushoto tu. "Ba. Da. Ga."

Gülseren akadhani amemvisha kinyume. Akaigeuza hedifoni, akaanza upya. Kushoto tena. Akajaribu sikio moja moja. Yote mawili yalisikia barabara. Basi tatizo halikuwa masikioni.

"Baba, siku hizi kuna kitu kinakusumbua?"

"Wiki iliyopita birika la chai lilinipotea jina. Nikaliita 'hicho kidude'. Nikasema, uzee huo."

Picha za hospitali zilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, mkubwa kama kokwa la jozi. Daktari hakuzunguka: wakiukata, huenda maneno yakaenda nao, wakiuacha, mzee hataiona masika.

"Niacheni," Muhittin alisema wakiwa kwenye veranda ya hospitali. "Afadhali nife nikisema kuliko niishi kama gogo."

"Na mimi je? Mama hayupo. Unaniachia nani?"

"Usinililie, Gülseren."

"Nitalia! Nitalia mpaka ukubali!"

Akalia kweli, watu wakageuka kutazama. Mzee akatia sahihi karatasi ya kukubali upasuaji, si kwa sababu alitaka.

Alipona. Kidonda kilifunga vizuri, akatembea tena. Lakini kinywani lilibaki neno moja tu: hapana. Una njaa, baba? Hapana. Unanijua mimi ni nani? Hapana, na machozi yakimtiririka, maana alimjua.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, Profesa Tülay, msimamizi wa utafiti wa Gülseren, alimwita binti ofisini. "Pole sana, mpenzi. Ila majibu ya baba yako ya mwaka huu hayawezi kubaki. Tunapima wazima."

"Naelewa, mwalimu."

Akayafuta mwenyewe, mstari mmoja kati ya arobaini ya wasikilizaji. Hesabu zikanyooka, zikawa nzuri kuliko mwanzo, na hilo ndilo lililomchoma.

Mchana akampelekea baba yake supu ya dengu. Akavuta kiti, akapuliza kijiko.

"Baba, umenikasirikia kwa kukulazimisha?"

"Hapana," mzee alisema akitazama ukuta.

Gülseren hakujua ni hapana ipi. Akakisogeza kijiko. Mzee akasema "hapana" tena, akafungua kinywa.