Mfuniko wa Mashine Namba Mbili

Barua iliyomgharimu Mluzi mkono wake niliiandika mimi. Tena kwa mwandiko mzuri.

Ni miaka kumi na mmoja sasa, mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu. Msiniulize nakumbukaje, kusahau sikujaliwa. Nilikuwa dobi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na Mluzi, tuliyempa jina hilo kwa sababu alipiga mluzi tangu anafunga aproni mpaka anaivua, ndiye aliyeshika mashine ya kukamua. Mashine yenyewe ni pipa la chuma lenye matundu. Unapakia shuka zilizolowa, unafunika, linazunguka kwa kasi mpaka maji yametoka. Mfuniko una kufuli yake, na kazi ya kufuli hiyo ni moja tu: kukataa kufunguka mpaka pipa lisimame. Ya Mluzi ilikuwa imelegea. Wenzangu wakasema, wewe ndiye umesomasoma, tuandikie.

Nikaandika. Nikaweka anwani mbili, kisha kichwa cha habari: "Yah: Hali ya Vitendea Kazi." Nikasema ni matumaini yangu kwamba mkuu wa hospitali yu buheri wa afya. Nikasema kwa heshima na taadhima. Nikamshukuru kwa aproni mpya, ambazo zilikuwa zimechanika zingali kwenye mfuko. Kufuli niliifikia aya ya nne, nyuma ya karatasi: "Pamoja na hayo, baadhi ya vifuniko havipo katika hali ya kuridhisha." Nikamalizia wako mtiifu. Karani akagonga muhuri, mkuu akaandika pembeni "Imeonwa, iwekwe jaladani," na siku ya tisa pipa likachukua mkono wa kulia wa Mluzi kuanzia kwenye kiwiko.

Katika kikao cha uchunguzi mkuu alisema hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna hatari. Nilisimama na nakala yangu niisome mbele ya watu, na nilipoigeuza upande wa nyuma nikaikunja, nikakaa. Mtu yule alikuwa mzembe, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Lakini barua yangu ndiyo iliyompa mahali pa kujificha. Kwa kelele nilizopiga baada ya pale nikahamishiwa stoo ya sabuni, nikapigie kelele magunia.

Huko stoo ndiko nilikosoma. Mwalimu wangu alikuwa dumu la dawa ya madoa. Lilikuwa na maandishi haya: "Sumu. Usinywe. Ikiingia machoni, osha kwa maji dakika kumi na tano." Halikuniuliza habari za nyumbani. Nikasoma na vijitabu vya mashine, fomu za ajali, barua za watu zilizotupwa, nikizipangua na kuzipanga upya nyuma ya katoni. Mwaka wa tatu nikaanza darasa, kila Alhamisi saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa chakula. Wanakuja wafuaji, wabeba machela, wapishi, mlinzi wa geti. Cheti sitoi. Natoa amri mbili. Ya kwanza: mstari wa kwanza sema unataka nini, na kabla ya lini. Ya pili: andika ulichokiona, usiandike ulichokisikia.

"Na salamu nitaiweka wapi, mwalimu?" mlinzi aliniuliza siku ya kwanza.

"Iweke mlangoni unapoingia. Ukishakaa, andika."

Mpishi nilimpa zoezi kwamba jiko linawaka moto, amwandikie msimamizi. Akaandika: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukujulisha."

"Mpaka umeichukua hiyo fursa," akasema mbeba machela mmoja, "sisi tumeshakuwa mishikaki." Darasa zima likacheka, na mpishi mwenyewe akacheka, akafuta.

Mpwa wangu hakosi hata Alhamisi moja. Ni binti wa marehemu dada yangu, amekulia kwangu tangu ana miaka saba, na mwezi uliopita alipata kazi palepale kwenye chumba cha kufulia. Yuko kwenye miezi ya majaribio. Walimpa mashine ya kukamua, namba mbili.

Jumanne saa tano asubuhi nikamwona mlangoni pa stoo, aproni imelowa.

"Mjomba, mfuniko wa namba mbili umefunguka pipa likizunguka."

Kikombe nilichoshika nilikiweka chini polepole. "Mkono wako?"

"Huu hapa, na mwenzake. Nilikuwa nimesimama pembeni."

Alikuwa ameshakwenda kwa msimamizi wao, ambaye tunamwita Baadaye kwa kuwa ndilo jibu lake la kila kitu. Baadaye kamwambia mashine haizimwi ila kwa idhini ya mhandisi, na mhandisi haambiwi ila kwa maandishi. Mhandisi mwenyewe anasafiri saa saba, haonekani wiki mbili. Saa nane zamu ya mchana inaanza, shuka za wodi zinasubiri. Akikataa kuishika mashine, ni utoro kazini, na aliye kwenye majaribio haandikiwi onyo. Anaonyeshwa geti.

Nikavuta karatasi. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe, na nilipotazama nimeandika nini, nilikuta "Kwa heshima na taadhima."

Miaka minane ya kufundisha watu.

"Nimeshaandika," mpwa wangu akasema, akanipa karatasi iliyokunjwa mara moja. Ilisema hivi:

"Mhandisi: naomba usimamishe mashine ya kukamua namba mbili leo, kabla ya zamu ya saa nane. Inaweza kukata mkono.

Leo asubuhi mfuniko umefunguka mara tatu pipa likizunguka: saa mbili na nusu, saa tatu na dakika kumi, saa nne kasoro tano. Mara ya tatu nilihesabu. Pipa lilizunguka sekunde kumi na nne baada ya mfuniko kufunguka. Nilikuwepo, niliona mwenyewe. Nimemwambia msimamizi saa nne na robo, amesema niandike."

Chini, jina lake na kazi yake. Basi.

Niliisoma mara mbili, na badala ya kufurahi nikashikwa na baridi. Maana kumfundisha mtu ni jambo moja, na kumtazama mtoto uliyemlea akiipeleka karatasi kavu namna hii kwa mkubwa wa kazi ni jambo jingine.

"Weka neno moja la adabu pale juu," nikamwambia. "Moja tu. Watasema una kiburi."

"Nimesema naomba."

"Haitoshi."

"Mjomba, wewe ndiye ulisema salamu iwekwe mlangoni. Nitamwamkia vizuri, nitapiga na goti akitaka. Nipe karatasi yangu."

Nikampa. Nikafunga stoo, nikamfuata, kosa ambalo peke yake lingetosha kunifukuzisha kazi.

Karani wa mhandisi alikuwa mama mmoja wa miwani, mezani kwake kikapu cha barua kimefura. Mpwa wangu akamwamkia, akapokewa bila kutazamwa. Karani akachukua barua kwa mkono huu na muhuri kwa mkono ule. Nikauona ule muhuri ukipanda, nikafumba macho. Nikangoja mlio, haukuja.

"Leo?" karani akauliza. "Leo hiihii, kabla ya saa nane?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka muhuri mezani, akainuka na barua, akaingia ofisi ya ndani bila kubisha.

Mhandisi alitoka koti limeingia mkono mmoja. "Nani kaandika hii?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Mpwa wangu akaniwahi. "Mimi, shikamoo."

"Marahaba. Kumi na nne umehesabu kwa kutumia nini?"

"Kwa saa ya ukutani."

Mhandisi akatoka. Alikwenda mbele, sisi nyuma, mpaka chumba cha kufulia. Aliwasha namba mbili ikiwa tupu, akaiacha ishike kasi, akavuta mfuniko kwa ncha ya fagio. Ukafunguka kama mfuniko wa sufuria. Wanawake waliokuwa wakikunja shuka wakaacha kukunja. Mhandisi akatazama saa yake mpaka pipa liliposimama.

"Kumi na moja," akasema. "Wewe umeandika kumi na nne."

"Yako ilikuwa tupu. Yangu ilikuwa na shuka."

Alimtazama, kisha akafungua kisanduku cha umeme, akachomoa fyuzi ya namba mbili, akaitia mfukoni. Akamgeukia Baadaye. "Kuanzia saa nne na robo uliniacha nimekaa ofisini?"

"Nilikuwa nafuata utaratibu, mkuu. Ningeileta baadaye."

Wale wanawake walicheka kwa pua, mmoja akajifanya anakohoa. Mhandisi akamwambia Baadaye kwamba kufuli mpya itafungwa kesho asubuhi na fundi, mhandisi mwenyewe akiwepo. Safari yake itangoja siku moja. "Na msichana huyu asiguswe."

Nilikuwa na hotuba. Miaka kumi na mmoja nimeitunza, ina majina, ina tarehe, na leo wa kuanza naye alikuwa Baadaye. Nikavuta pumzi niitoe. Badala yake nikakaa juu ya rundo la shuka mbichi, suruali ikalowa mpaka ndani, na nilichoweza kusema ni "Haya." Nikasema tena, "Haya, haya," kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Mwalimu kakaa kwenye za wodi ya wazazi," mmoja wa wale wanawake akasema. "Hizo zimekwisha fuliwa, ujue."

Saa nane zamu ya mchana ikaingia. Shuka zilikuwa zaidi ya mia na mashine pekee iliyokuwa ikifanya kazi imezimwa, ikabidi zikamuliwe kwa mikono, watu wawiliwawili. Waliguna, wakakunja mikono ya nguo, wakaanza. Mpwa wangu akanirushia ncha ya shuka.

"Stoo yangu imefungwa," nikasema.

"Ndiyo maana huna kazi. Shika."

Nikashika, tukasokota. Haikukamuka hata tone.

"Mjomba, unasokota upande wangu. Geuza, kwa kulia kwako."

Nikageuza. Shuka ikakaza katikati yetu kama kamba, na maji yakashuka mengi, yakatulowesha miguu sote wawili.