Dozi Iliyodekiwa

Mimi nalipwa kudeki ofisi za watu, na nikiona uchafu, mkono hutangulia kabla akili haijafika. Ndiyo maana asubuhi ile, mdogo wangu alipotapika chini ya benchi la kliniki, nilinyakua dekio lililokuwa kwenye kona na kumaliza kazi kabla watu hawajageuza shingo. Nikajiona mjanja. Nyumbani nimefanya hivyohivyo tangu alipoanza kuvuta unga: natoa uchafu, nafungua madirisha, na jirani akiuliza nasema ni vidonda vya tumbo. Vingekuwa vidonda kweli, tungeshamzika zamani.

Alichotapika ni methadoni, dawa aliyotoka kupewa dirishani, akainywa mbele ya muuguzi. Hiyo ndiyo inayomshikilia asiurudie unga. Alikuwa bado mgeni pale, dozi yake ndogo, na bila hiyo arosto ingemkamata jioni hiyohiyo: mifupa kuuma, jasho, kuharisha, na miguu kumpeleka yenyewe kwa wauzaji.

Muuguzi akatoka. Mwanamke mnene, sauti yake imechoka kama yangu.

“Yako wapi matapishi?”

“Nimeshadeki, sista. Usijali, pako safi.”

Benchi zima likaguna. Mgonjwa mmoja mwembamba, wenzake humwita Profesa, akajipiga kofi la paji la uso. “Dada, hapa matapishi hayaguswi! Sista asipoyaona kwa macho yake, haongezi dozi nyingine.”

Hasira zikanipanda. “Sasa sista, ulitaka nikuletee kwenye sahani? Si watu wote hawa wameona?”

“Wote hawa ni rafiki zake,” alisema taratibu. “Wapo wanaojifanya wametapika ili wapewe mara mbili. Nikimwongezea, kumbe ile ya kwanza imo tumboni, atalala asiamke. Na wewe ndiye utakayekuja kunililia hapa. Mlete kesho dirisha likifunguliwa.”

Nilitaka kumchukia yule mama nikashindwa, maana alikuwa anasema kweli. Mdogo wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Njia nzima alitembea kichwa chini, mikono kwapani, na mimi nyuma yake nikijitukana kimoyomoyo.

Jioni hali ilikuwa mbaya, na mimi nilikuwa na zamu ya usiku. Msimamizi alishaniambia nikikosa tena nisijisumbue kurudi, na mshahara ule ndio unaotulisha sote wawili. Nikatoa kufuli.

“Usinifungie, dada.” Alikuwa amejikunja kitandani, kamasi zinamtiririka. “Mara ile uliponifungia nilivunja dirisha. Nitavunja tena, najijua. Mwite fundi aje akae na mimi.”

Fundi ni jirani yetu wa mlango wa pili, mshona nguo, na mdomo wake haupumziki kama cherehani yake.

“Fundi? Nimwambie nini?”

“Mwambie ukweli.”

“Ili kesho mtaa mzima ujue?”

“Dada,” akasema, meno yakigongana, “nimechoka kuumwa vidonda vya tumbo.”

Nikaenda. Nilisimama mlangoni kwa fundi na sare yangu ya kazi, yeye akipiga pasi suruali ya mteja. Maneno yakatoka yote kwa mpigo: kwamba mdogo wangu anatumia unga, kwamba ameanza matibabu, kwamba dozi ya leo nimeipoteza mimi kwa ujinga wangu, na akibaki peke yake usiku huu ataurudia.

Fundi akaisimamisha pasi. “Dada, mbona tunajua siku nyingi? Tulikuwa tunaogopa kukuuliza. Wewe nawe ulivyo mkali!”

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Miaka yote ile nafungua madirisha, kumbe najidanganya mwenyewe. Fundi hakuningoja nimalize kuona aibu. Alibeba cherehani yake, akaja kuitua katikati ya mlango wetu, akavuta kiti.

“Akitaka kutoka, itabidi aniruke mimi na suruali za watu,” alisema.

Usiku ule nilideki ghorofa zima bila kuona nilichodeki. Kila nikikamua dekio namwona barabarani. Asubuhi sikumbuki nilivyofika nyumbani, nakumbuka tu kwamba sikusikia cherehani, nikajua basi, ameondoka.

Nilimkuta fundi ameketi sakafuni, macho mekundu, shati limechanika bega. Mdogo wangu alikuwa amemwegemea kifuani, amefunikwa blanketi, anatetemeka mwili mzima.

“Mara ya kwanza alinitukana,” fundi alinong’ona. “Mara ya pili akanisukuma, tukavutana, ndiyo unaona shati hili. Mara ya tatu akaja mwenyewe, akaniomba nimshike. Sijamwachia mpaka sasa.”

Mdogo wangu akafumbua macho. Midomo ilikuwa imemkauka, alijaribu mara kadhaa kabla sauti haijatoka.

“Nipo, dada.”

Nikakaa chini pale mlangoni nikalia kwa sauti, na sikujali nani anasikia.