Mtoto Asipakwe Mafuta Kabla ya Picha za Mguu

Nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao watapimwa mguu wa bandia kwa picha. Siku hiyo mtoto asipakwe mafuta. Hata tone.

Binti yangu, tunamwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alikatwa mguu chini ya goti. Fundi wa miguu ya bandia alimzungukia na kamera, akapiga picha kila upande. Kompyuta ikazilinganisha, ikapata umbo la kigutu chake, na mashine ikatengeneza kikombe cha kukivalia, ndicho kinachoushika mguu wa bandia.

Sasa asubuhi ile mama mkwe wangu alikuwa amempaka mafuta mpaka kigutu kinang'aa. Kwake yeye mtoto hapigwi picha amepauka, watu watasema hana wenyewe.

Kikombe kilipokuja, Chiriku alisimama, akakaa papo hapo. Akanyamaza, yeye wa maneno. Nilipomvua nikakuta lengelenge. Nikawaza, akiuogopa mguu huu, hatautaka tena maisha yake yote.

Fundi akazirudia zile picha. "Nani alimpaka mafuta?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Ulitaka nimlete na ukurutu?"

"Bibi, kompyuta inatafuta alama ileile katika kila picha. Kovu, baka, doa. Kwa hizo inajua wapi pametuna na wapi pamebonyea. Lakini mng'ao unahama kila kamera ikihama. Ikadanganyika, ikaweka bonde pasipo na bonde. Hapo ndipo kikombe kinambana."

Lengelenge lilipopona, mama mkwe alikiosha kigutu mwenyewe kwa sabuni, polepole, kama anaosha kichanga. Fundi akakitia nukta za kalamu, kompyuta iwe na pa kushika.

"Bibi, sasa mimi chui," Chiriku akasema.

"Chui gani mwenye mdomo hivyo? Wewe kanga. Tulia upigwe picha."

Akatulia, mkono wa bibi yake begani.

Kikombe cha pili alikivaa kwa woga. Akasimama. Tukangoja akae, hakukaa. Akaushika mkono wa bibi yake, akapiga hatua, halafu akauachia, akaenda mpaka mlangoni akiongea njia nzima. Mama mkwe akabaki ameunyoosha mkono hewani, hajui auweke wapi. Nikaushika mimi.