Samaki Hawarudishwi

Mke wa mchora mabango aliuweka mfuko wa nailoni juu ya maji ya tangi la kioo, ukaelea, naye akavuta kigoda akakaa kuusubiri. Ndani ya mfuko alikuwemo samaki wa rangi ya chungwa, mwenye mkia mrefu uliopepea kama shela. Dukani walimwambia maji ya mfuko yapate kwanza joto la maji ya tangi, la sivyo samaki atashtuka. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Kazi yake ilikuwa kushona, na mshonaji anayekata kabla ya kupima huharibu kitambaa cha watu.

Kitandani, mume wake naye aliutazama mfuko. Kiharusi kilimchukua ulimi na upande wote wa kulia, kikamwachia macho. Mkono ule uliolala juu ya shuka ndio ulioandika karibu kila bango la mtaa: la kinyozi, la bucha, la duka la dawa. Siku alipougua walimwahisha hospitali asubuhi, wakaketi kwenye benchi mpaka adhuhuri, na huko huko kwenye benchi mdomo wake ukaenda upande. Daktari alipompima alitikisa kichwa.

"Mngemleta mapema, mama."

"Tulikuwa hapo nje tangu asubuhi."

"Hapo nje si ndani," alisema daktari, wala hakusema kwa ubaya.

Tangu hapo mke alilala na kuamka na neno hilo, kwamba amemchelewesha.

Tangi lilikuja kwa ushauri wa dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija kumnyoosha mgonjwa. Alisema mtu wa namna ile apewe kitu kinachotembea akitazame, macho yakizoea kazi na shingo itafuata. Ikawa kweli. Samaki wa kwanza alipoingia tangini, macho ya mchora mabango yalimfuata kutoka pembe hadi pembe, na jioni ile alimeza uji wote. Samaki alipokufa, mgonjwa alifunga mdomo, na kijiko kikarudi na uji wake.

Kwa hiyo mke alirudi dukani.

Duka lilikuwa na mlango wa kioo na matangi yaliyopangwa ukutani mpaka juu, yenye taa za buluu. Nyuma ya kaunta palikuwa na kibao chenye herufi nyekundu: SAMAKI AKITOKA HARUDISHWI. Herufi zilikuwa za mume wake. Aliijua ile R yake, ambayo siku zote ilinyoosha mguu kama mtu anayetaka kuondoka. Mwenye duka wateja walimwita Bwana Maji, na hakuchukia.

"Amekufa," alisema mke.

"Pole sana, mama. Maji ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Kiasi gani?"

"Nusu, kama ulivyosema."

"Basi ndiyo hiyo. Kwa huyu ungebadilisha robo."

Akanunua mwingine, akabadilisha robo. Samaki alijificha nyuma ya jiwe. Bwana Maji alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ampe muda. Alipewa muda, akautumia kufa. Safari iliyofuata kosa likawa chakula kingi, na safari nyingine chakula kidogo.

"Mikono unanawa kabla ya kuligusa tangi?"

"Nanawa. Kwa sabuni."

"Ahaa," alisema Bwana Maji, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokitafuta. "Sabuni."

Mke aliacha sabuni. Alichemsha maji, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cha bitana. Alisugua mawe moja moja kwa mswaki. Alihamisha cherehani sebuleni ili mtikisiko usiwasumbue, akawa anashona huku ametega sikio kusikia kama pampu ya hewa bado inaunguruma. Na bado walikufa, wengine wakiwa na vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, wengine bila alama yoyote, wamelala ubavu juu ya maji asubuhi. Aliwahi kuwatoa kabla mgonjwa hajafumbua macho, akawazika kwenye kopo la maua dirishani, na kila alipomfukia mmoja alisema, "Unisamehe." Kisha akavaa viatu, akaenda kununua mwingine wa rangi ileile ili mume wake asijue. Mume wake alijua. Mtu aliyechanganya rangi maisha yake yote hadanganywi kwa rangi mbili za chungwa zinazokaribiana.

Jioni moja, alipokuwa akimlisha uji, samaki wa kwanza alitoka kwenye kopo la maua. Alijikung'uta udongo, akapita dirishani, akaanza kuogelea hewani katikati ya chumba, usawa wa kifua cha mtu. Mke aliweka bakuli chini, akainuka kuzima feni, kwa kuwa upepo wake ulikuwa unamsukuma kwenye kabati. Halafu akaendelea kulisha.

Wengine walifuata. Walikuja kwa mpangilio walivyokufa, kila mmoja na ugonjwa wake: wenye vidoadoa na vidoadoa vyao, yule wa tumbo lililovimba akiogelea kichwa chini. Hawakula wala hawakuhitaji kubadilishiwa chochote. Mchora mabango, ambaye kioo cha tangi kilikuwa kimemzoesha kutazama upande mmoja tu, sasa ilimbidi atazame juu, chini na nyuma ya bega lake. Shingo yake ikaanza kugeuka. Dada wa mazoezi alipokuja alimsogeza samaki mmoja kwa kiganja ili aufikie mkono wa mgonjwa, akasema maendeleo ni mazuri.

Ila kila asubuhi, saa za kufungua maduka, samaki walitoka dirishani wakaenda zao. Mke aliwafuata siku moja akiwa na kanga mabegani na nguo ya mteja ya kupeleka mkononi. Walipita juu ya mitaro, wakakata kona kwenye duka la dawa, wakasimama mbele ya mlango wa kioo wa Bwana Maji, wametazama ndani. Hawakugonga. Wateja waliwapisha, wakaingia, wakanunua.

Bwana Maji alitoka na ufagio.

"Mama, ni wako hawa?"

"Ni wangu."

"Waondoe basi, wananizibia mlango. Kibao umekiona, hawarudishwi."

"Sikuwarudisha mimi. Wamerudi wenyewe."

"Ndiyo hivyo hivyo. Wameshauzwa."

Mlango ulipokuwa wazi samaki waliingia, wakapita kaunta, wakapenya pazia la chumba cha nyuma. Mke aliingia kuwakusanya kama alivyoambiwa. Huko nyuma palinuka dawa na kitu kilichooza. Kulikuwa na pipa kubwa la plastiki ambamo wazima na wagonjwa walichanganywa maji mamoja, na wavu mmoja ulioning'inia msumarini ukitumika kwa wote. Waliokufa walikuwa kwenye ndoo, wametupiwa gazeti. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya dawa ya buluu. Samaki wake walikuwa wameelea juu ya pipa, wakitazama chini kimya, kama watu waliokuja kumwona jamaa wodini.

"Hiyo ya buluu ni ya nini?" aliuliza.

"Inawasimamisha," alisema Bwana Maji. Hakuficha, wala hakuwa na haraka. "Wanakuja hapa wamechoka safari, wengine wameshakwisha. Ukiwatilia hii wanasimama siku moja, siku mbili. Mimi nauza samaki anayeogelea, mama. Ulipomchukua, alikuwa anaogelea au haogelei?"

"Alikuwa anaogelea."

"Umeona."

"Lakini uliniambia ni maji yangu."

"Nawaambia wote." Alitoa kipande cha utando kwenye wavu kwa kidole, akaurudisha msumarini. "Mtu ukimwambia kosa ni lake, anarudi kujaribu tena. Ukimwambia ni langu, harudi. Ningekuwa nimefunga zamani, na hata hao wachache wanaopona wasingempata wa kuwanunua."

Mke alisimama pale huku nguo ya mteja ikimlemea mkononi. Alifikiri juu ya bitana na mswaki, na jinsi alivyoacha kunawa kwa sabuni. Aliyafikiria yale maneno aliyoyasema kwenye kopo la maua, kila asubuhi, kwa kiumbe aliyefika kwake akiwa ameshakufa nusu. Kisha, bila kutaka, alifikiri juu ya benchi la hospitali. Akatafuta kiti, hakikuwapo, akajiegemeza kwenye pipa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Bwana Maji kwa upole. "Nikuchagulie mwingine?"

Alikwenda kwa afisa wa afya, akaeleza. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Alisema sheria inamhusu samaki wa kuliwa, wa kutazamwa hana mamlaka naye. Halafu akashusha sauti, akasema hata yeye nyumbani ana tangi, na wanamfia, ila kwake tatizo linajulikana, mkewe hupika karibu nalo. Mke wa mchora mabango alimwambia si mapishi. Afisa alitabasamu kama mtu anayefarijiwa.

Hakununua tena. Alimwaga maji ya tangi, akahifadhi humo vifungo na makasha ya uzi. Jioni aliketi kando ya kitanda, samaki wakizunguka juu ya chandarua, na siku moja alimwambia mume wake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Tuliwahi, mzee. Siku ile. Hatukuchelewa sisi."

Mchora mabango aligeuza shingo, ambayo sasa iligeuka vizuri, akamtazama. Mkono wa kushoto ulitoka chini ya shuka, ukamshika kidole, ukakaa nacho mpaka taa zilipowashwa nje.

Alifariki kabla ya mvua. Waombolezaji walipokuja kumchukua, samaki walijipanga kando ya ukuta kuwapisha, na dada yake marehemu aliwasogeza kwa upole na upindo wa kanga ili jeneza lipite. Baada ya mazishi dada huyo alibaki akiosha vyombo na wifi yake.

"Twende kwangu, wifi. Hapa utakaa na nani?"

"Ngoja kwanza," alisema mke.

"Unangoja nini?"

Mke alilitazama dirisha, na wifi yake, aliyekuwa akitazama samaki wakipita juu ya karai, alielewa, akaacha kuuliza.

Kila jioni mke aliacha dirisha wazi. Alikuwa ameona jinsi samaki walivyorudi na hakuona sababu ya mtu kushindwa. Alitandika kitanda, akakichomekea shuka pembeni, akarudisha cherehani chumbani, akashona akiwa ameelekeza uso mlangoni. Mvua zilianza, zikaisha. Mume wake hakurudi.

Jioni moja kitu kilipita dirishani, naye akainua kichwa haraka mpaka sindano ikamchoma. Alikuwa samaki mweusi, mwenye macho yaliyotokeza, na vidoadoa vyeupe mgongoni. Hakumjua. Hakuwahi kumnunua. Nyuma yake alikuja mwingine, wa fedha, mdogo, kisha wawili wa manjano waliofuatana kwa karibu, na wote walikuwa wa nyumba za watu wengine. Waliingia wakasimama katikati ya chumba kama wageni wasiojua pa kukaa.

Alinyonya damu kidoleni, akainuka. Dirisha lilikuwa na bawa la pili ambalo halikufunguliwa kwa muda mrefu, limekwama kwa rangi. Alilisukuma kwa bega mpaka likaachia.