Sindano ya Teodora

Siku hiyo Teodora alipima maji yaleyale mara nane, akapata majibu manane.

Ndani ya banda la mabati, nje kidogo ya mji wa Kyela, walikuwa wamejenga Mto Songwe mdogo wa saruji, na kona zake zote. Pampu ilisukuma maji. Teodora, injinia aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alitakiwa kupima yanapanda kiasi gani, ili ijulikane tuta la kukinga mpunga wa Bujonde liwe na kimo gani. Milimita mbili za bandani zilikuwa sentimita ishirini za mtoni.

Kipimo alikibuni mwenyewe: sindano inayoshushwa kwa skrubu, ikigusa maji, kijitaa kinawaka. Lakini maji yaliidaka sindano kabla haijafika. Akaipaka mafuta, sasa ikawa inayabonyeza bila kulowana. Mawimbi madogo ya pampu nayo yakamalizia kumchosha. Kila asubuhi mkuu wake, Erick, alipiga simu kutoka Mbeya kuulizia takwimu.

Mzee Andongwisye, fundi baiskeli aliyemchongea ile skrubu, alikuja kumtazama akihangaika. Akauliza kwa nini sindano lazima itokee juu. Teodora akamjibu kwa mkato kwamba ndivyo ilivyo. Mzee akachukua koleo, akaikunja sindano kama ndoana.

Sindano nyingine Teodora hakuwa nayo.

"Ipitie chini, mwanangu," mzee alisema. "Izamishe kwanza, halafu uipandishe polepole mpaka ncha ichungulie."

Teodora akajaribu kwa hasira tu. Ncha ikachungulia, lakini mawimbi yakaifunika. Hapo akili ikamfunguka: akakata shingo ya chupa ya plastiki, akaiunganisha na mto kwa mrija mwembamba wa mpira, na ndani ya chupa maji yakatulia tuli. Akapima humo mara tatu. Jibu likawa moja.

"Ndaga fijo," alimshukuru mzee kwa Kinyakyusa chake cha kuungaunga.

Kisha akafungua daftari, na furaha ikamwishia. Vipimo vya mwezi mzima, vyote vya ile sindano ya mafuta, vilikuwa chini ya maji halisi. Akampigia Erick.

"Turudie vyote?" Erick aliguna. "Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie tuta lingekuwa fupi."

Akakata simu, akapiga mstari kwenye kurasa zote, akaenda kuwasha pampu.