Waya wa Kupita Uani

"Mwambie asogee karibu na maikrofoni," alisema Yotamu bila kuinua kichwa.

Paskalina alitoka chumbani, akavuka ua kwa hatua zake za haraka, akachungulia jikoni. "Baba mkwe wako anasema usogee. Usiogope mwanangu, hicho kidude hakiumi."

Kicheko kidogo kikasikika huko jikoni, kikakatika ghafla kama kilichozibwa kwa kiganja.

Yotamu hakumwona aliyecheka. Ulikuwa mwaka wa nne tangu Tupokigwe aolewe na mwanawe Gideoni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama usoni, wala Tupokigwe hakuwahi kumtamkia neno. Ndivyo Wanyakyusa wanavyoheshimiana, mkamwana na baba mkwe. Kijijini nyumba zimeachana, heshima hiyo haimchoshi mtu. Lakini hapa Mwanjelwa, mjini Mbeya, ua ni mmoja na bomba ni moja. Basi kila Yotamu aliporudi alipiga kengele ya baiskeli kuanzia kona ya duka, na Tupokigwe akakimbilia jikoni na sufuria lake mkononi. Paskalina, jirani yao, Mhehe wa Kalenga, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyie Wanyakyusa! Hata treni ya Zambia haipigi kelele hivi ikiingia stesheni."

Leo kengele ilikuwa kimya, na wote watatu walikuwa na haraka. Kesho alfajiri Tupokigwe angepanda basi la Iringa kumfuata mumewe, aliyepata kazi huko. Wimbo wa Roza ungeondoka naye.

Roza alikuwa mke wa Yotamu. Aliutunga mwenyewe wimbo huo, akauimba kila alipopukuchua maharage. Na Yotamu, fundi redio, mwenye chumba kilichotundikwa magunia ya pareto ukutani ili sauti isirudi, chumba ambacho mtaa mzima ulikiita studio, alikuwa amerekodi kwaya mbili, harusi tano, na mlevi mmoja aliyejua kuiga sauti za ndege. Mkewe hakumrekodi. "Kesho, mama Gideoni," alimwambia. "Acha nipate betri mpya za maikrofoni." Roza alifariki mwaka jana, baridi ya Juni ilipoanza. Tupokigwe, aliyemuuguza, ndiye aliyefundishwa wimbo.

Sasa betri zilikuwepo. Palikuwa pia na kiboksi kipya: kopo la sabuni lenye betri na transista mbili alizozing'oa kwenye redio mbovu, pamoja na swichi ya kuzungusha. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuipa nguvu maikrofoni. Maikrofoni ile ilikuwa ya bei ndogo, sauti yake dhaifu kama ya mgonjwa. Kinasa sauti kilitumia umeme, na umeme ulikuwa chumbani kwa Yotamu tu, ambako mkamwana hawezi kuingia. Kwa hiyo alikiweka kiboksi mezani kwake, kando ya kinasa sauti, akavuta waya kutoka hapo, ukapita dirishani, ukavuka ua juu ya kamba ya nguo, ukaishia kwenye maikrofoni jikoni.

Alivaa visikilizio masikioni. "Aimbe."

Kilichoingia kilikuwa mvumo, kama nyuki waliochokozwa. Nyuma yake, mbali sana, mwanamke aliimba. Yotamu akazungusha swichi. Mvumo na wimbo vikakua pamoja, kisha akatokea mwanaume akituma salamu kwa jamaa zake wote wa Tabora.

Paskalina aliazima kisikilizio kimoja. "Huyu naye katokea wapi?"

"Redio. Waya ni mrefu, unaokota kila kitu njiani."

"Basi mjibu. Mwambie Tabora hawajambo."

Yotamu hakucheka. Alijaribu mara ya pili, mara ya tatu. Jua lilikuwa limeshaegemea Mlima Loleza. Akavua visikilizio, akageukia dirisha, na macho yake yakaangukia kikapu kilichowekwa nje ya mlango wa jikoni. Ndani mlikuwa na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye majani, chakula cha safari ya kesho.

Alikitazama kwa muda mrefu.

"Mimi ni mjinga," alisema.

"Hilo tunalijua. Ila leo umefanyaje?"

"Msafiri hulishwa kabla hajaondoka, Paskalina. Mimi nimeisubiri sauti huku ije na njaa, imeshabeba takataka zote za njiani, ndipo niilishe. Kiboksi hiki kikae kule! Kule, karibu na mdomo wake."

Paskalina alikipeleka kiboksi, akaunganisha nyaya alivyoelekezwa, akazungusha swichi kwa nguvu zake zote. Mlio uliomwingia Yotamu masikioni ulimfanya aruke kitini. Uani, kuku walitawanyika.

"Taratibu!" alipiga kelele.

"Mikono yangu ni ya kusonga ugali!" Paskalina alijibu kutoka jikoni. "Nampa mwenyewe azungushe."

Mlio ukakatika. Kisha swichi ikaanza kuzunguka, kidogo, ikasita, kidogo tena, kama mtu anayeonja chumvi. Mvumo ulibaki chini. Mtu wa Tabora hakurudi. Paskalina alirudi chumbani akipangusa mikono. Yotamu alikuwa amenyoosha kidole kimoja juu, asisogee mtu.

Tak. Tak-tak.

Maharage. Tupokigwe alikuwa akipukuchua, punje zinadondoka kwenye beseni. Ndipo akaanza kuimba, na sauti ikafika karibu kabisa, nzima, na pumzi yake. Katikati ya ubeti wa pili akanyamaza, akapuliza makapi, fuu, akaendelea.

Yotamu alikuwa ameisahau pumzi ile. Roza alinyamaza palepale, akapuliza palepale. Alicheka peke yake, machozi yakimtiririka, na mguu wake ukapiga sakafu kufuata maharage.

"Inaingia?" Paskalina alinong'ona.

Alitikisa kichwa kukubali. Kwa furaha Paskalina akaanza kucheza pale pale kati ya magunia, mabega tu, bila kelele.

Wimbo ukaisha. Yotamu hakuuzima mkanda. Punje mbili za mwisho zikadondoka. Kisha, karibu sana na maikrofoni, kwa sauti ndogo isiyoweza kuvuka ua kwa nguvu zake yenyewe:

"Baba, nimezungusha sawasawa?"

Mkanda uliendelea kuzunguka. Paskalina aliacha kucheza, akamtazama usoni.

"Vipi? Kuna nini tena?"

"Waya tu," alisema Yotamu. "Umelia kidogo."

Akageukia dirisha, upande ulikotokea waya, akainamisha kichwa mara mbili, polepole, kama mtu anayeitikia salamu.